Nyonga na Moyo wa Mbwa wa Nasaba: Maswali Yenu na Majibu

SWALI: Nina German Shepherd wa miezi minne. Akikimbia hurusha miguu yote miwili ya nyuma kwa pamoja, kama sungura. Aliyeniuzia anasema hana tatizo, kwani wazazi wake wana cheti cha nasaba na wanatembea vizuri. Nimeshauriwa nisubiri atimize miaka miwili ndipo apigwe eksrei. Nisubiri?

JIBU: Usisubiri hata mwezi. Kukimbia hivyo kunaweza kuwa dalili ya displasia ya nyonga, yaani kiungo cha nyonga kisichokaa sawasawa. Cheti cha nasaba kinaeleza nani kamzaa nani. Kuhusu nyonga hakisemi kitu, labda kiwe kimeambatana na matokeo ya eksrei. Mwendo wa wazazi nao si ushahidi: mbwa wengi wenye nyonga mbovu hutembea kawaida kwa miaka, mpaka gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, linapolika.

Displasia ya nyonga huanza na ulegevu. Mtoto huzaliwa nyonga zikionekana sawa, kisha kano zinazokishika kichwa cha fupa la paja ndani ya kikombe chake hulegea wakati mifupa ingali laini. Kila hatua kichwa kinachopoka kidogo na kugonga ukingo. Kikombe kinapoteza kina, kichwa kinapoteza mviringo, na mfupa wa ziada unaota pembezoni. Jeni zinazohusika ni nyingi, ndiyo maana wazazi wawili wenye nyonga nzuri wanaweza kumzaa mwenye nyonga mbaya.

Habari ya miaka miwili ina chanzo chake. Taasisi ya OFA ya Marekani haitoi cheti cha kudumu cha nyonga kabla ya miezi 24. Sharti hilo ni la kuchagua mbwa wa kuzalisha, halihusu matibabu ya mtoto. Kwa mtoto kipo kipimo cha PennHIP, kilichobuniwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kinachofanyika kuanzia wiki ya 16. Mbwa hulazwa kwa dawa, vichwa vya mapaja husukumwa nje taratibu, na ulegevu hupimwa kwa namba. Namba ya 0.3 kushuka chini ni nyonga iliyobana. Kadiri inavyopanda kuelekea 1, hatari inaongezeka.

Haraka hii ni kwa sababu ya upasuaji. Ule mdogo, wa kuunguza kwa umeme sehemu ya ukuaji katikati ya mfupa wa kinena ili vikombe vigeuke na kufunika vichwa, una maana kabla ya wiki ya 20 hivi. Mwanao yuko ukingoni mwa muda huo. Ule wa kukata na kugeuza fupanyonga hufanyika kabla mifupa haijaharibika, kwa kawaida kabla ya miezi 10. Baada ya hapo kunabaki kudhibiti uzito, dawa za maumivu, kuogelea, au nyonga bandia.

Ukipewa eksrei ya kawaida ya mbwa aliyelazwa chali, itazame mwenyewe. Matundu mawili ya fupanyonga yalingane ukubwa, mapaja yawe sambamba, pia za magoti ziwe katikati. Mbwa akipigwa picha akiwa macho hujipinda, na nyonga ya upande mmoja huonekana nzuri kuliko ilivyo.

SWALI: Namwongezea Great Dane wangu wa miezi mitatu vidonge vya kalsiamu ili mifupa iwe imara. Nimpe vingapi?

JIBU: Usimpe hata kimoja, ikiwa anakula chakula kamili cha watoto wa mbwa wakubwa. Mpaka karibu miezi sita utumbo wake hauwezi kukataa kalsiamu iliyozidi. Inaingia tu mwilini, na gegedu linashindwa kugeuka mfupa ipasavyo. Matokeo ni viungo vyenye vipande vya gegedu vilivyobanduka na miguu iliyopinda. Mpunguzie pia wingi wa chakula: mbavu zipapasike kirahisi chini ya vidole, na kiuno kionekane ukimtazama kutoka juu. Mtoto mnene ndiye anayeumia, hata kama jeni zake ni nzuri.

SWALI: Cavalier King Charles wangu ana miaka sita. Daktari amesikia mvumo moyoni, lakini anacheza na kula vizuri. Aanze dawa?

JIBU: Mvumo, yaani sauti ya ziada ya damu inayosikika kati ya mapigo, peke yake hautoshi kuamua. Katika aina hii vali ya mitro, mlango wa damu ulio upande wa kushoto wa moyo, hunenepa na kujikunja, na damu inarudi nyuma. Kinachoamua ni kama moyo umeshatanuka. Omba ultrasaundi ya moyo. Mvumo ukiwa wa daraja la 3 au zaidi kati ya 6, na chumba cha juu cha kushoto kimefikia mara 1.6 ya upana wa aota (mshipa mkuu unaotoa damu moyoni), huku chumba cha chini cha kushoto nacho kimetanuka, pimobendani, dawa ya kuusaidia moyo kusukuma damu, huanza ingawa mbwa hana dalili. Hutolewa mara mbili kwa siku, takriban saa moja kabla ya chakula. Inachelewesha moyo kushindwa kazi kwa zaidi ya mwaka. Dawa ya kukojosha isianzishwe mapema. Ni ya wakati maji yamejaa mapafuni.

Nyumbani, hesabu pumzi akiwa usingizini: kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili, andika. Zikizidi 30 kwa dakika, rudia baada ya muda mfupi. Zikibaki juu, mpeleke siku hiyo hiyo.

SWALI: Doberman wangu dume wa miaka mitatu amepimwa jeni za moyo, akaonekana safi. Naweza kumzalisha?

JIBU: Kipimo hicho hakikupi ruhusa. Doberman asiye na jeni zinazopimwa bado hupata moyo uliotanuka, na mara nyingi dalili ya kwanza ni kuanguka na kufa ghafla. Mvalishe Holta, kile kifaa cha kurekodi mapigo kwa saa 24, na afanyiwe ultrasaundi. Vyote kila mwaka kuanzia umri huu. Mapigo ya kasoro kutoka vyumba vya chini yakizidi 300 kwa saa 24, ni mgonjwa. Yakiwa kati ya 50 na 300 katika rekodi mbili ndani ya mwaka, ni mgonjwa pia. Kwa kuwa ugonjwa huu hujitokeza zaidi utu uzimani, rekodi moja safi leo haitoshi: ulizia wazazi na babu zake walikufa wakiwa na umri gani, na kwa sababu gani. Kama hakuna anayejua, mwache akue kwanza.