Mama anaamka usiku kimya kimya

SWALI: Mama yangu alipata kiharusi, upande wa kulia umelegea. Usiku huenda chooni bila kuniita na ameshaanguka. Nalala chumba cha pili. Nifanyeje? – Binti, Tanga

JIBU: Pole, dada. Nunua kengele ya mlango isiyo na waya. Kitufe kifunge kitandani upande wa kushoto, mkono wenye nguvu unapofika. Usimvalishe shingoni kwa kamba, inaweza kumkaba. Kipokezi, yaani sehemu inayolia, kiwe chumbani kwako, na afadhali kinachotumia betri, maana cha kuchomeka ukutani hunyamaza umeme ukikatika. Kijaribu milango ikiwa imefungwa, kwani kuta nene hupunguza mawimbi. Betri ya kidonge, ile ndogo bapa ya ndani ya kitufe, ifungiwe vizuri: mtoto akiimeza inaunguza koo, ni dharura ya hospitali.

Kama mama husahau kubonyeza, kengele hiyo haitamfaa. Tafuta yenye kihisi cha mwendo, kinacholiza kengele mtu akisogea, ukielekeze sakafuni pale anaposhusha miguu.

Fimbo ya kutembelea nayo ashike mkono wa kushoto, si wa kulia kama wengi wanavyodhani. Kupima urefu wa fimbo, asimame wima na viatu vyake, mikono ikining'inia. Mpini ufikie mkunjo wa kifundo cha mkono. Fimbo na mguu dhaifu vitangulie pamoja, mguu wenye nguvu ufuate. Mpira wa chini ukilika, badilisha mara moja, utateleza kwenye vigae vyenye maji.

Akigonga kichwa, hasa kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, mpeleke hospitali hata akisema yu mzima.