Swali la lugha: mashine "ikipiga pozi" tuseme imefanya nini?

SWALI: Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Bukavu. Programu yetu ya malipo imeandikwa kwa Java, na nimeagizwa nitoe takwimu za zile nyakati ambapo mashine pepe, ile inayoendesha programu za Java, inasimamisha programu nzima ili izoe taka kwenye kumbukumbu. Ukurasa wote uwe wa Kiswahili. Kazini tunasema "pozi". Mwenzangu wa Uvira anataka "mapumziko", mwingine "kukatika". Na ile "kuexposer", yaani kuziweka takwimu wazi ili chombo kingine kizisome, niiandikeje?

JIBU: Ndugu fundi, "pozi" nalielewa, lakini liache mlangoni. Kwetu Kivu limetoka kwenye Kifaransa, "pause", na maana yake ni kutua kidogo. Likifika Dar es Salaam ni maringo. Msomaji wa huko akikuta "takwimu za mapozi" atadhani mashine yenu inapigwa picha.

"Mapumziko" yamekosea zaidi. Anayepumzika ameacha kazi, na wakati huo iliyoacha kazi ni programu, tena si kwa hiari yake. Mashine pepe yenyewe ndiyo kwanza inahangaika, inapekua kumbukumbu ijue kipi bado kinatumika na kipi ni taka. "Kukatika" ndiko kwa hatari. Umeme wa Bukavu ukikatika, nani anajua utarudi saa ngapi? Fundi wa zamu akisoma saa nane za usiku kwamba programu imekatika atavaa viatu, kumbe ilitulia robo ya sekunde tu. "Kukwama" ni vivyo hivyo: lori lililokwama njia ya Shabunda halijitoi lenyewe. "Kusita" ningekupenda, ila anayesita ana shaka yake moyoni na anasita mwenyewe.

Mtaani nasikia "mashini inasimama kidogo", na mtaa haujakosea sana. Tatizo ni kwamba saa iliyosimama imekufa, na hiyo "kidogo" haiingii vizuri kwenye kichwa cha jedwali. Basi nyambua kitenzi: kusimamishwa. Mfanyakazi aliyesimamishwa kazi jina lake bado limo kwenye orodha, kiti chake hakijapewa mtu, na yuko aliyemsimamisha. Ndivyo inavyokuwa: nyuzi zote za programu, yaani kazi zake zinazokwenda sambamba, husimamishwa mahali salama, kila moja na hali yake, kisha huachiwa ziendelee pale pale.

Usijaribu kulitengenezea nomino ya haraka. "Msimamo" una wenyewe, wanasiasa na ligi za mpira. "Usimamizi" nao una mabosi. Ndiyo sababu kazi yako uite ufuatiliaji, la sivyo utaandika "usimamizi wa kusimamishwa" na hakuna ulimi utakaokusamehe. Baki na kusimamishwa. Utalalamika kwamba nomino za ku- hazina wingi, kwa hiyo huwezi kuzihesabu bila kuweka "mara". Hapo ndipo sarufi inapokusaidia, kwa sababu inakulazimisha utenganishe namba ambazo watu wanazichanganya.

Java, kwa kila mzoa taka, yaani sehemu ya mashine pepe yenye kazi hiyo ya kuzoa, hukupa mara alizozoa na jumla ya milisekunde tangu programu iwashwe. Ukiandika "kusimamishwa: 2000" peke yake, ni mara 10 za milisekunde 200, au ni mara moja ya sekunde mbili nzima? Jumla ni ile ile, lakini mteja aliyesimama mbele ya wakala haisikii jumla, anasikia ile moja iliyomwangukia. Kwa hiyo andika: "imesimamishwa mara ngapi", "jumla ya muda wa kusimamishwa", na "kusimamishwa kurefu zaidi". Ni kurefu, si ndefu wala mrefu. Hiyo ya mwisho haipatikani kwa kugawanya jumla. Lazima kila tukio lipimwe peke yake.

Tena usiandike "muda wa kuzoa taka" mahali pa "muda wa kusimamishwa". Wako wazoa taka, ZGC mmojawapo, ambao sehemu kubwa ya kazi wanaifanya programu ikiendelea, na Java inahesabu mizunguko yao mbali na kusimamisha kwao. Isitoshe, mashine pepe husimamisha programu kwa sababu nyingine zisizohusu taka hata kidogo.

Na "kuexposer"? "Kufichua" hapana, maana hufichuliwa kilichofichwa. Andika kuanika. Mfuatiliaji kama Prometheus hupita kila baada ya muda na kusoma namba alizokuta zimewekwa wazi, kama mnunuzi anayepita mbele ya samaki walioanikwa kando ya ziwa. Mwenye samaki habebi kitu. Ikiwa programu yenu ndiyo inayompelekea namba, hapo sema kutuma. "Kusambaza" pia kungefaa, ila hapa Kivu sambaza ni samaki wadogo wa ziwani, na utaulizwa kilo ni bei gani.