Ukitoka kwenye gemu kuja mezani

Mdogo wangu unayeanza kukaa nasi hapa Kirumba, Mwanza, kucheza mchezo wa kuigiza wa mezani, ambapo mmoja anauendesha kwa kusimulia hadithi na wengine wanaamua wahusika wao wafanye nini, najua umekulia kwenye banda la PlayStation. Nami nilitokea hukohuko. Wala hujaja ugenini: kupanda levo, damu kupungua ukipigwa, mmoja apigane mwingine atibu, yote hayo yalianzia kwenye michezo ya mezani kama huu. Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson ilitoka Marekani mwaka 1974, na mwaka 1975 watu walikuwa wameshaiiga kwenye kompyuta za mfumo wa PLATO. Kompyuta ilibeba hesabu vizuri sana. Kilichobaki mezani ni mtu wa kukusikiliza.

Jumamosi iliyopita niliwapa wenzako kazi: usiku huu mfike Ukerewe, na kivuko kimeshaondoka. Kijana mmoja, bingwa wa gemu, akauliza, "Machaguo ni yapi, kaka?" Nikakosea, nikamtajia matatu. Basi wakabishana juu ya hayo matatu kana kwamba dunia imeishia hapo. Dada mmoja, ambaye mama yake anauza dagaa soko la Mwaloni, alikuwa kimya tu. Mwishowe akasema, "Kwani mwezi ukoje?"

Nikajibu bila kufikiri: mpevu.

"Basi wavuvi wa dagaa hawajatoka. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti kitu. Mitumbwi iko ufukweni na wenyewe hawana hela. Tukodi."

Sikuwa nimeandaa hata mstari mmoja wa jambo hilo. Hata gemu ya Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023, inayokutupia dadu ya pande 20 kwenye skrini, hukuwekea orodha uchague, na mwezi wa Mwaloni haumo. Kwa hiyo siku ukiendesha wewe, uliza "Mnafanyaje?" kisha nyamaza. Kimya hicho kinatisha mwanzoni. Kivumilie.

Kuhusu dadu, zinazoamua kama jambo limefaulu, sisi tunarusha mbili za ludo na kujumlisha, ila usinakili viwango vya kitabu cha Dungeons & Dragons, vya dadu ya pande 20, kama nilivyofanya mimi. Watu walihangaika kutafuta 15 kwa dadu zinazoishia 12! Dadu ya pande 20 haina upendeleo, kila namba ina nafasi 1 kati ya 20. Dadu mbili za ludo hupenda katikati: 7 ina nafasi 6 kati ya 36, 12 ina 1 tu. Siku hizi jambo la kawaida nadai 7 au zaidi, ambayo ni nafasi 21 kati ya 36. Gumu nadai 9, nafasi zinashuka hadi 10.

Halafu huku hakuna kusevu. Kwenye gemu ukifa unarudi ulipoishia. Hapa kushindwa kuzae jambo jipya, kusifunge njia. Wale wa mtumbwi walihitaji 7, wakapata 5. Injini ikazima katikati ya ziwa, na taa ya mtumbwi mwingine ikaanza kuwasogelea. Jumamosi hii tunaanzia hapo. Njoo na kalamu, daftari ninalo.