Gemu za pamoja nyumbani: kebo kwanza, kifurushi baadaye

Kila anayetaka kuwakusanya wenzake wacheze gemu nyumbani huniuliza swali lile lile: ninunue kifurushi gani cha intaneti? Namjibu kwamba hela ya kifurushi kizito aiweke kwanza, aende akanunue swichi, kile kisanduku cha kuunganisha kompyuta kwa kebo, na kebo za kutosha. Watu wanane wamekaa sebule moja, wanapigana wao kwa wao. Hakuna sababu ya kila risasi kusafiri hadi nchi nyingine na kurudi. Mchezo ukibaki ndani ya nyumba unakuwa mtamu kwa namna ambayo kifurushi chochote hakiwezi kukupa.

Hesabu yake ni nyepesi. Nuru ndani ya faiba hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Johannesburg, ambako Valve, wenye Counter-Strike, na wengine wameweka seva (kompyuta zinazoendesha mchezo), ni kama kilomita 2,500 kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi ni milisekunde 25 hata kabla kifaa chochote cha njiani hakijachelewesha, na njia yenyewe haijanyooka. Ndani ya nyumba, kwa kebo, pingi, yaani muda wa taarifa kwenda na kurudi, kwa kawaida haifiki milisekunde 1. Isitoshe, mchezo wa ndani haumtegemei mtu. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipopata hitilafu, intaneti ilizorota Tanzania, Kenya na kwa majirani zetu, lakini swichi iliyo sebuleni haina habari na bahari.

Kwa hiyo anza kuchagua gemu kabla ya vifaa, maana zipo zinazokubali mtandao wa ndani na zipo zinazokataa. Minecraft ya Java inakubali. Counter-Strike 1.6, Quake III, Age of Empires II na Warcraft III za zamani, na Call of Duty 4 ya 2007, zote zinakubali. Fortnite na Valorant hazina njia hiyo kabisa. StarCraft II ilipotoka mwaka 2010 ilikuja bila mtandao wa ndani ambao StarCraft ya kwanza ilikuwa nao, na mimi bado naona ni hasara kubwa. Gemu za zamani zina heri nyingine: zinaenda vizuri hata kwenye laptopu ya mwanafunzi isiyo na kadi ya picha, na mwenye laptopu hiyo hakai pembeni kuwatazama wenzake. Hilo kwangu ndilo la kwanza, kila aliyekuja acheze. Mpira kwenye PlayStation hauhitaji mtandao wowote mkiwa wawili kwenye TV moja. Upe kona yake, na aliyefungwa ampishe mwenzake.

Sasa swichi. Hesabu wageni, ongeza ruta, ongeza seva, halafu bakisha matundu mawili ya akiba, kwa sababu kuna mtu atakuja na mdogo wake. Yenye matundu 8 hujaa upesi. Kwa watu wanane chukua ya 16, au mbili za 8 zilizounganishwa kwa kebo moja. Nunua ya gigabiti, yaani megabiti 1,000 kwa sekunde. Gemu zenyewe hazihitaji kasi hiyo, hata swichi ya megabiti 100 inazibeba bila shida. Tofauti utaiona pale mtu atakapofika bila gemu kwenye mashine yake. Faili la gigabaiti 50 kwenye gigabiti linahama kwa takriban dakika 8, diski zikihimili. Kwenye megabiti 100 ni zaidi ya saa nzima. Ukilishusha kutoka intaneti ya megabiti 20, utapata saa tano na nusu, na sherehe imekwisha.

Kebo ndizo zinazowaponza wengi. Ukiingia Kariakoo, mitaa ya Aggrey na jirani zake, utapewa kebo zenye maandishi ya Cat6 (daraja la kebo, juu ya Cat5e) kwa bei tofauti sana, na mara nyingi zile za bei ya chini ni alumini iliyopakwa shaba juu. Muombe muuzaji akukatie kipande, kwangua waya mmoja kwa kisu. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, irudishe. Alumini hupitisha umeme vibaya kuliko shaba na hukatika upesi ikikunjwakunjwa, na kebo za sherehe zinakunjwa kila mara. Cat5e ya shaba tupu inakutosha kabisa. Inabeba gigabiti hadi mita 100, na sebule yako haifiki huko.

Ukibana vichwa vya kebo mwenyewe, fuata mpangilio mmoja kwenye ncha zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Gigabiti hutumia nyaya zote nane, megabiti 100 hutumia nne tu. Ndiyo maana kebo iliyobanwa vibaya huonekana nzima: inaunganisha, lakini kasi imeshuka hadi 100. Tazama kasi ya muunganisho kwenye mipangilio ya kompyuta, usitosheke kwamba taa inawaka. Zipitishe kando ya ukuta, na zinapolazimika kukatiza mlangoni zibandike sakafuni kwa utepe wa gundi, urefu wote. Mtu akijikwaa gizani anaweza kuanguka na laptopu mbili.

Kosa moja linaangusha mtandao wote kwa sekunde chache: kebo moja ikichomekwa ncha zote mbili kwenye swichi ile ile, au swichi mbili zikiunganishwa kwa kebo mbili. Taarifa zinaanza kuzunguka bila kikomo, taa zote zinapepesa kama wazimu, na hakuna mtu anayecheza tena. Swichi za kawaida za nyumbani nyingi hazijui kujikinga na hali hiyo. Ukiona kila kitu kimekufa ghafla, fuatilia kebo kwa mkono kabla ya kulaumu mashine.

Wi-Fi nayo? Iachie simu. Wi-Fi ni kikao ambacho mtu mmoja tu anaruhusiwa kusema kwa wakati mmoja. Wakiwa wengi kwenye chaneli moja, kila mmoja anasubiri zamu, na kusubiri huko ndiko kunakofanya mchezaji aruke kutoka mlango mmoja hadi mwingine bila kupita katikati. Ikibidi laptopu fulani iingie kwa Wi-Fi, iweke kwenye masafa ya gigahezi 5, karibu na ruta. Kwenye 2.4 tumia chaneli 1, 6 au 11 tu, kwa sababu hizo ndizo zisizoingiliana, na kwenye majengo ya ghorofa majirani wamekwishazijaza.

Upande wa anwani, kanuni yangu ni ruta moja tu igawe anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha kila kifaa. Mara nyingi mgeni mwema huja na ruta yake ili kuongeza matundu. Mpokee kwa shukrani, lakini ingia kwenye mipangilio yake uzime DHCP (ndiyo inayogawa anwani), uipe anwani isiyofanana na ya ruta yako, halafu chomeka kebo kwenye matundu ya LAN (ya mtandao wa ndani), si lile la WAN (la kupokelea intaneti). Hapo inakuwa swichi tu. Ukiacha zote mbili zikigawa, nusu ya watu watapata anwani za 192.168.0 na nusu za 192.168.1, wamekaa kochi moja na hawaonani kwenye gemu. Kompyuta ikionyesha anwani inayoanza na 169.254, maana yake haikupewa anwani na yeyote. Angalia kebo, kisha ruta. Seva yenyewe ipe anwani ya kudumu, mfano 192.168.1.50, nje ya zile zinazogawiwa, na uiandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi ukutani. Utaokoa sauti yako. Ruta itagawa anwani hata ikiwa haina laini wala kifurushi ndani yake.

Minecraft ya Java hutumia mlango wa mtandao (port) namba 25565 ukiwa na seva kamili, na wote lazima wawe na toleo lile lile. Nusu ya "haiingii" ninazozijua zimetokana na toleo. Nusu nyingine ni faiwoli ya Windows, kinga inayozuia miunganisho kutoka nje ya mashine. Ukiunganisha mtandao mpya, Windows inaweza kuuchukulia kuwa wa umma na kuzuia wengine wasiione mashine yako. Ubadilishe uwe wa binafsi, uiruhusu gemu ipite, na mwenye VPN (programu inayopitisha mtandao wake kwingine) aizime. Tafadhali usimwambie mtu azime faiwoli yote. Amekuja na mashine yenye kazi zake na picha za familia yake, na amekuamini.

Waambie wageni washushe gemu na apdeti kabla ya kuja. Atakayesahau atasaidiwa na Steam, duka la gemu la Valve, ambayo tangu 2023 inaweza kuchukua faili za gemu kutoka kompyuta nyingine iliyo kwenye mtandao huo huo. Nenda kwenye mipangilio ya kushusha, uruhusu kuhamisha kwa marafiki au kwa yeyote. Na kama intaneti yako ni ya bando, weka kila Windows kwenye hali ya muunganisho unaopimwa, la sivyo kompyuta nane zitaamka pamoja kutafuta apdeti na bando la wiki litakwisha kabla ya chakula.

Wapo watakaotaka kucheza na watu wa nje. Sawa, ila elewa kwamba gemu yenyewe hula data kidogo. Kinachoiua ni mtu mmoja anayeshusha faili au simu inayopandisha video kwenye hifadhi ya mtandaoni. Ruta nyingi zina sehemu ya kuweka ukomo wa kasi kwa kila kifaa. Weka ukomo hasa upande wa kupandisha, kidogo chini ya uwezo wa laini yako, na pingi itatulia. Usitegemee kuwaalika watu wa nje waingie kwenye seva yako ukiwa na ruta ya laini ya simu. Mara nyingi mtandao wa simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na mlango wa kuingilia kwako haupo.

Umeme upige hesabu kwa karatasi. Kompyuta ya mezani yenye kadi kubwa pamoja na skrini inaweza kufika wati 500. Sita za namna hiyo ni wati 3,000, na plagi moja ya ampea 13 kwa volti 230 inaishia hapo hapo. Kwa hiyo gawa mzigo kwenye soketi za vyumba tofauti, na kamwe usichomeke ekstensheni ndani ya ekstensheni. Gusa plagi baada ya nusu saa. Ikiwa ya moto, punguza. Salio la LUKU liangalie mchana, na zile wati 3,000 zote zitageuka joto sebuleni, hivyo feni ziingie kwenye hesabu hiyo hiyo. Kama una UPS (betri ya akiba) moja ndogo, weka humo swichi, ruta na seva. Umeme ukikatika, laptopu zitaendelea kwa betri zake na dunia mliyoijenga Minecraft haitapotea.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe, chomeka seva na laptopu mbili kwa kebo zile zile utakazotumia. Chomoa intaneti kabisa, washa gemu, mwite mtu wa nyumbani mcheze raundi nzima. Ikikubali bila intaneti, mpigie simu mgeni aliyeahidi kuleta ekstensheni.