Nipige koti ya nne? Usipige

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nimepiga koti tatu za vanishi juu ya nyuzi za shaba za skrini yangu ya kugusa. Wiki mbili tu, nyuzi za pembeni zimegeuka kahawia, nyingine zimekatika kabisa. Nipige koti ya nne?"

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Swali hilo hilo niliwahi kuliuliza mimi, tena kikaoni mbele ya watu, na jibu nililopata linanichoma mpaka leo.

Kwa kuwa uko hapa unasoma, nachukulia na wewe umechoshwa na oksidi ya indiamu na bati, lile tabaka la uwazi linalopitisha umeme kwenye skrini za kugusa, na badala yake unataka wavu wako wa nyuzi za metali. Sikulaumu. Oksidi ile ina uwazi mzuri, lakini ukiikunja inapasuka, na ikiwa juu ya filamu ya plastiki ukinzani wake mara nyingi ni omu 100 kwa mraba au zaidi. Wavu wa shaba unashuka chini ya omu 10 bila taabu. Skrini ikiwa kubwa, tofauti hiyo unaisikia kidoleni. Ila oksidi ilishaoksidika tangu kuzaliwa kwake, haina cha kupoteza. Shaba inangojea nafasi tu.

Nyuzi za shaba tulizojaribu maabara kwetu zilikuwa na upana wa mikrometa 5. Unywele wa kichwani una kama 70, kwa hiyo jicho haliuoni wavu, na ndivyo tulivyotaka. Unene ulikuwa nusu mikrometa. Hapo ndipo wengi tunapojidanganya, kwa sababu tumezoea shaba ya bomba na shaba ya waya. Bomba likiliwa nusu mikrometa hutajua hata kama limeguswa. Uzi wetu ukiliwa nusu mikrometa, hakuna uzi.

Kazi ya vanishi nilipewa mimi. Nilijivuna sana, nikiri. Nilichagua akriliki inayogandishwa kwa mwanga wa urujuanimno, nikaipaka sawasawa, haina povu, haina michirizi, ukiinua filamu kwenye taa unaona kioo kitupu. Tukaingiza filamu 8 kwenye chemba ya majaribio, nyuzi joto 85 za Selsiasi, unyevu asilimia 85. Saa 24, safi. Saa 120, safi. Nikaanza kuandika ripoti ya ushindi kabla mechi haijaisha.

Saa 240, filamu 3 zilikuwa zimekufa. Mita ilionyesha ukinzani wa nyuzi za kona umepanda, na kwa baadhi yake haikuonyesha kitu kabisa. Nyuzi za katikati zilikuwa nzima kama siku ya kwanza.

Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini kona, kwa nini si katikati. Mimi niliitisha kikao. Nikasimama nikasema vanishi ni mbovu, muuzaji katuuzia maji ya mchele. Muuzaji wa watu alikuja mwenyewe na sampuli zake, akaeleza kwa upole kwamba vanishi ile ile inatumika kwingine na haina shida. Nikamkata kauli. Nikaomba ruhusa ya kupiga koti ya pili, kisha ya tatu.

Wiki tatu zikapotea hivyo, sitaki kuzisimulia. Niseme tu kwamba koti tatu zilikuwa mbaya kuliko moja. Akriliki ikiganda husinyaa, na tabaka nene likisinyaa linavuta kingo zake lenyewe. Filamu zilijikunja kama jani kavu, na pembeni vanishi ikaanza kubanduka.

Aliyeniokoa, au kuniumbua, ni binti mmoja aliyekuwa kwenye mafunzo kwa vitendo. Sisi wote tulikuwa tunatazama kona zile kwenye hadubini kwa mwanga wa kutoka chini. Yeye akawasha taa ya pembeni, akailaza, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akaniita. "Kaka, samahani. Hii kutu ina umbo."

Nikatazama. Madoa ya kijani na kahawia hayakuwa yametapakaa ovyo. Yalijipanga kwa mistari iliyopinda, sambamba, mmoja ndani ya mwingine, kama mawimbi madogo yaliyoganda chini ya vanishi. Na katikati ya mawimbi hayo palipita mstari mtupu wa kukata, wa mshazari.

Nina kovu kwenye dole gumba la kulia. Wembe, miaka mingi iliyopita. Mshazari.

Mzee wetu wa maabara aliinama akatazama, akanishika mkono akaugeuza, akatazama tena kwenye hadubini. Akasema, "Kijana, muuzaji hana kosa. Wewe umetia sahihi."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Usiku sikulala.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo nililokuitia. Jasho la mkono lina chumvi, lina asidi ya laktiki, lina urea. Nilikuwa nikivua glavu ya kulia nikitaka kutoa filamu kwenye fremu, kwa sababu kwa glavu kona inateleza. Sekunde mbili. Kisha nikapaka vanishi yangu nzuri juu ya alama ile, nikaigandisha, nikaifungia chumvi ndani pamoja na shaba.

Wengi hudhani vanishi ni kama kifuniko cha sufuria, kwamba maji hayapiti. Yanapita. Plastiki zote hupitisha mvuke wa maji, nyingine polepole, nyingine haraka, na koti ya nne inachelewesha tu. Kinachoilinda shaba ni vanishi kushikana nayo kiasi kwamba mvuke ukifika chini haukuti pa kukaa. Penye chembe ya chumvi, vanishi haikushika. Na chumvi inavuta maji kwa osmosisi, kinatokea kilengelenge kidogo chenye maji ya chumvi, kimeketi juu ya uzi wa nusu mikrometa. Kloraidi, ile iliyomo kwenye chumvi, ikishafika kwenye shaba, saa 240 ni nyingi.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza: safisha kabla ya kupaka. Wa pili: safisha tena. Maji yaliyoondolewa ayoni, yaani chumvi zilizoyeyuka ndani yake, si ya bomba, kwa sababu ya bomba yana kloraidi yake. Kama shaba imeshaanza kufifia, iondoe oksidi kwa asidi hafifu, kisha suuza, na hapo kwenye kusuuza ndipo usifanye haraka. Ukimaliza dondosha tone la maji. Likitandaa, endelea. Likijikusanya kama shanga, bado kuna mafuta, rudi nyuma. Sisi tulimalizia kwa plazma, gesi iliyotiwa umeme inayosafisha uso, kabla tu ya kupaka, na kati ya plazma na vanishi hatukuruhusu hata mapumziko ya chai.

Glavu usivue. Nasema tena, usivue.

Kuna na kemikali iitwayo benzotriazoli. Inashikana na shaba na kufanya utando mwembamba mno unaoizuia isiliwe. Hata wahifadhi wa vyombo vya kale kwenye majumba ya makumbusho huitumia kwa shaba na shaba nyeusi. Ni msaada mkubwa chini ya vanishi. Lakini ukiitumia juu ya uchafu umeupaka uchafu dawa, basi. Na ikibaki nyingi bila kusuuzwa, vanishi nayo haishiki.

Halafu jaribu mshiko. Chora miraba midogo kwa wembe, bandika tepu, ivute. Jaribio la dakika moja, na mimi sikulifanya pale kwenye kona, nilifanya katikati tu, kwa sababu katikati ndiko palikokuwa pazuri. Hapa nataka niwaambie ukweli, ndugu zangu. Sisi mafundi tunapenda kupima tulikofanya vizuri. Tunapiga picha ya katikati, tunaituma kwa bosi, kona tunaziacha kwa Mungu. Halafu kikiharibika tunatafuta muuzaji. Mkubwa ni yule anayeanza kwa kutazama mikono yake mwenyewe, na mimi nilitazamishwa kwa nguvu.

Tena kwa kuwa nimeshaanza kuungama: ripoti niliiandika mimi. Nikaandika "timu iligundua." Jina la yule binti halimo. Na muuzaji sikumpigia simu. Nilipata habari kwamba oda zilizofuata alipewa mwingine, nikasema moyoni nitampigia wiki ijayo.

Filamu za awamu iliyofuata, koti moja, glavu mikononi, zilifika saa 1,000 na nyuzi zote zinapitisha umeme. Hiyo naijivunia na sitaacha kuijivunia.

Mengine kwa haraka. Kama nyaya za kingo ni za fedha, ujue fedha ina tabia ya kuhama: ukiiwekea volti kwenye unyevu, inatembea kutoka mstari mmoja kwenda mwingine na kuota vijitawi kama mti, mpaka mistari miwili inagusana. Gesi zenye salfa nazo huitia weusi. Gundi ya uwazi inayobandikwa juu ya vanishi iwe isiyo na asidi. Gundi nyingi za akriliki zina asidi ndani yake na zitaitafuta shaba popote vanishi ilipopungua. Na zile pedi za kuungia utepe wa nyaya huwezi kuzipaka, lazima zibaki wazi, kwa hiyo mpaka wa vanishi unapoishia hapo ndipo pa kutazama kwa lenzi kila siku ya jaribio.

Turudi kwako, mdogo wangu wa koti tatu. Umesema zilizoharibika ni za pembeni. Hukusema unaishikaje filamu unapoitoa kwenye fremu, wala kama kahawia ile imeanzia kwenye pedi au kwenye kona. Usipake chochote. Chukua filamu moja iliyokufa, iweke chini ya lenzi, zima taa ya juu, lete tochi kutoka ubavuni, iwe imelala kabisa karibu na meza. Piga picha ya kona zote nne unitumie. Ya katikati usinitumie.