Kukariri Maneno ya Wimbo kwa Aliyeanza Gitaa Ukubwani

Nilianza kujifunza gitaa nikiwa na miaka 56, na kilichonishinda mapema hakikuwa vidole, ingawa ncha zake ziliniwasha kwa wiki kadhaa, bali maneno. Wimbo niliozoea kuuimba wote huku nikifua nguo ulinitoka kichwani mara tu nilipopakata gitaa. Nikausingizia uzee, na nikaendelea kuusingizia kwa miezi, hadi nilipogundua kwamba niliyakumbuka vizuri maneno yale yale kila nilipoliweka gitaa chini.

Tatizo, basi, lilikuwa kufanya mawili kwa wakati mmoja kabla ya kulimudu hata moja. Anayejifunza hana budi kuufikiria kila mkao wa vidole, ile tunayoiita kodi. Wakati akili inahangaika kukifikisha kidole cha pete kwenye uzi wa tano ili kodi ya C itoke safi, mshororo unaofuata haupati wa kuushughulikia. Ndiyo maana nashauri uyatenganishe. Maneno yakariri ukitembea au ukiosha vyombo, bila gitaa. Kodi nazo zizungushe huku ukiimba la-la-la tu, mpaka mkono ubadilike wenyewe. Kisha viunganishe polepole mno, polepole kuliko unavyoona inafaa.

Kosa langu kubwa lilikuwa karatasi. Niliiweka mbele yangu kila siku nikiamini kwamba kuyasoma maneno mara mia kutayahifadhi, kumbe macho yalikuwa yakifanya kazi yote na kumbukumbu imelala. Siku hizi naufunika ubeti kwa kiganja, najaribu kuutamka, na nafunua pale tu ninapokwama kabisa. Inaudhi, lakini kule kuhangaika kulitafuta neno ndiko kunakolikaza. Pia sikariri tena kwa saa mbili mfululizo Jumapili. Dakika kumi kila siku zimenifaa zaidi. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, aliandika mwaka 1885 kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa hushinda yale yaliyorundikwa pamoja. Sisi tuna nafuu kumliko, kwa kuwa nyimbo zina maana na vina, na kina cha mshororo mmoja mara nyingi hukunong'oneza mwisho wa unaofuata.

Mahali penye mtego hasa ni mwanzo wa ubeti wa pili. Nilishangaa kwa nini nakwama papo hapo kila mara, ilhali nikishapewa neno la kwanza natiririka hadi mwisho. Jibu limo katika kiitikio: maneno yake hayabadiliki, kwa hiyo kinapokwisha hakikuambii umefika ubeti upi. Hivyo nilianza kufanyia mazoezi maungio peke yake, yaani mshororo wa mwisho wa kiitikio pamoja na maneno matatu ya kwanza ya ubeti unaofuata, mara kumi, bila kuimba kilichobaki. Kila ubeti niliupa pia picha moja ya kuushika: wa pili mlango, wa tatu mvua. Na kwa kuwa ubeti wa mwisho ndio tunaoufikia tukiwa tumechoka, siku nyingine naanzia huo na kurudi nyuma.

Utasahau hata hivyo. Likikupotea neno mbele za watu, usiusimamishe mkono unaocharaza. Vumisha sauti, au rudia mshororo uliopita, kwa maana mapigo yakiendelea maneno huwahi kurejea kabla kodi haijabadilika. Mimi niliwahi kuimba ubeti wa kwanza mara mbili mbele ya wageni, na watu wazima wote wakapiga makofi. Mjukuu wangu peke yake ndiye aliyetaka kujua kwa nini nimerudia.