Ukiambiwa utangulize hela ili upewe mkopo

Dada, umeniuliza kama utume elfu 25 ya "bima" ili upewe mkopo wa laki tano: usitume. Mkopeshaji wa kweli akitaka ada, kwa kawaida huikata kwenye mkopo wenyewe. Mtu anayekuahidi laki tano halafu anataka "bima" itangulie kwenye namba ya simu yenye jina la mtu binafsi, huyo hana mkopo wowote. Ukituma, kesho utaambiwa bado ada ya usajili. Mdogo wangu alilipa mara tatu, kila mara "hii ndiyo ya mwisho."

Na hiyo programu yao ya mikopo uliyopakua, angalia iliomba ruhusa gani. Ikiwa iliingia kwenye majina ya simu yako na picha, nenda kwenye mipangilio uzifunge ruhusa hizo kwanza, ndipo uifute. Hapo ndipo kausha damu wa mtandaoni, wakopeshaji wanaonyonya watu, wanapokukamatia: ukichelewa siku moja, mama mkwe, bosi na fundi wako wa nguo wanatumiwa ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na bado wengine wanarudi kwa majina mapya. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya BoT. Tafuta jina la kampuni, maana jina la programu mara nyingi ni tofauti.

Ile namba iliyokutumia meseji, iripoti kwa 15040, namba ya kuripoti matapeli, ni bure. Kama ulishawapa namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) au PIN, badilisha PIN sasa hivi kabla hujanijibu.